Aliyeona Hasemi: The Moonstone ya Wilkie Collins, Televisheni, na Kipimo cha Kikoneni

Riwaya ya Wilkie Collins iitwayo The Moonstone ilianza kutolewa kwa mafungu ya kila wiki katika jarida la Charles Dickens, All the Year Round, tarehe 4 Januari 1868, ikakamilika tarehe 8 Agosti mwaka uo huo. T. S. Eliot aliihesabu kuwa ndiyo ya kwanza na iliyo bora miongoni mwa riwaya za upelelezi za Kiingereza. Wapo wanaobishana naye juu ya hilo la kwanza, walakini ni wachache wanaobishana juu ya ubora. Shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, limeigeuza kuwa mchezo wa televisheni mara kadhaa: mwaka 1972 kwa sehemu tano, mwaka 1996 kwa filamu ya muda wa saa mbili hivi, na mwaka 2016 tena kwa sehemu tano. Makala haya hayakusudii kuwapima waigizaji wala mapambo ya michezo hiyo. Yanakusudia kuuliza ni kitu gani kinachopotea riwaya hii inapotoka katika maandishi na kuingia katika picha, na kama ni lazima kipotee vilevile iwapo mtunzi wa Kiswahili ataichukua na kuipandikiza katika pwani ya kusini ya Kenya. Ili swali lisibaki hewani, pamechaguliwa mahali pamoja pa kulipimia, yaani Kikoneni, katika Kaunti ya Kwale. Sababu za uchaguzi huo zitaonekana mbele.

Kisa chenyewe kwa ufupi ni hiki. Mwaka 1799, majeshi ya Waingereza yanapouteka mji wa Seringapatam nchini India, afisa mmoja aitwaye John Herncastle anaua na kupora almasi ya manjano iliyokuwa mali ya mungu wa mwezi. Afisa huyo anapokufa anamwachia almasi ile mpwa wake, Rachel Verinder, naye anakabidhiwa siku anapotimiza miaka 18, mwezi wa Juni 1848, nyumbani kwao Yorkshire. Usiku uo huo jiwe linatoweka. Sajini Cuff, mpelelezi mwenye sifa kutoka London na mpenzi mkubwa wa mawaridi, anamshuku Rachel mwenyewe, naye anakosea. Kumbe aliyelitoa jiwe kabatini ni Franklin Blake, kijana anayempenda Rachel, tena hali yu usingizini: daktari mmoja alimtilia afyuni kinywajini bila ya yeye kujua, ili amshinde katika ubishi wa mezani uliohusu utabibu. Kutoka kwa Franklin jiwe likaingia mikononi mwa binamu yao, Godfrey Ablewhite, msemaji hodari wa vyama vya hisani, ambaye kwa siri alikuwa amekula mali ya amana. Mwishoni Wahindi watatu waliolifuata jiwe hilo kuvuka bahari wanamwua Godfrey na kulirudisha lilikotoka.

Msomaji aliyezoea riwaya za upelelezi ataona mara moja kwamba kisa hiki kina kasoro ya ajabu kwa aina yake. Mpelelezi hafumbui fumbo. Na zaidi ya hapo, fumbo lenyewe limekwisha kufumbuliwa na mtu mmoja tangu usiku wa kwanza: Rachel alikuwa macho, alisimama mlangoni pa chumba chake, akamwona Franklin kwa macho yake akichukua almasi. Akanyamaza. Alinyamaza kwa sababu alimpenda, na kwa sababu ya haya, na kwa sababu alimdhani mwizi asiye na soni anayejifanya kuongoza msako wa kitu alichokiiba mwenyewe. Riwaya nzima, kurasa zote zile, imejengwa juu ya mtu aliyeona asiseme.

Juu ya ukimya huo Collins aliusimamisha muundo ambao ndio fahari ya kazi yake. Hakuna msimulizi mmoja. Franklin anawaomba wote waliohusika waandike kila mmoja yale aliyoyajua yeye mwenyewe kwa wakati wake, wala asivuke mpaka huo, kama shahidi kizimbani. Anaanza Betteredge, msimamizi mzee wa nyumba. Anafuata Bi Clack, mlokole masikini anayewapenyezea watu vijitabu vya dini wasivyovitaka. Kisha mwanasheria Bruff. Kisha Franklin mwenyewe. Kisha shajara ya msaidizi wa daktari, Ezra Jennings. Kisha Cuff, na wengine kwa vipande vifupi. Kila ushahidi una lugha yake, na kila lugha inamfichua msemaji kuliko anavyokusudia. Bi Clack hasemi popote kwamba anamtamani Godfrey na kwamba anawaonea wivu jamaa zake wenye mali. Lakini hakuna msomaji asiyelijua hilo baada ya kurasa tatu. Ucheshi wake wote umo katika umbali uliopo kati ya asemalo na alilo.

Yafaa kutazama pia nani hakupewa kalamu. Rachel hakupewa. Rosanna Spearman, mtumishi aliyewahi kufungwa kwa wizi, aliyempenda Franklin bila ya tumaini na akaificha nguo yake ya kulalia yenye doa la rangi ili kumlinda, anasikika kwa barua tu, tena barua inayosomwa baada ya yeye kujizamisha katika mchanga utetemao wa pwani ile. (Nguo ya kulalia iliyopotea Collins hakuibuni: ilitokana na mauaji ya Road Hill ya mwaka 1860, yaliyomharibia jina mpelelezi Jonathan Whicher.) Na Wahindi watatu, ambao kwa haki yote ndio wenye jiwe, hawakupewa hata ukurasa mmoja. Habari zao zinaletwa na msafiri Mwingereza, Bwana Murthwaite. Mtunzi aliyeandika miaka kumi tu baada ya maasi ya India ya 1857, wakati magazeti ya Uingereza yalipokuwa yakiwachora Wahindi kama wanyama, alithubutu kuufanya uporaji wa Kiingereza kuwa ndio wizi wa kwanza, ambao wizi wa pili ni mwangwi wake. Huo ulikuwa ujasiri. Ila hakuthubutu kuwapa walioibiwa sauti, au pengine hakuona namna ya kuwapa.

Basi, televisheni inaufanyaje muundo huu? Kwa jumla inaubomoa, na inaubomoa kwa sababu inayoeleweka. Kamera haijui kusema "mimi nilimwona". Inajua kuonyesha tu, na kinachoonyeshwa mtazamaji hukichukua kuwa ndicho kilichotokea. Mchezo wa 2016 ulijaribu njia ya kati: ulimleta Franklin akirejea nyumbani baada ya muda, ukayafungua mambo yaliyopita kwa mbinu rejeshi kadiri anavyokutana na mashahidi. Jaribio hilo ni la heshima. Hata hivyo mara picha ya wakati uliopita inapoanza, shahidi anatoweka. Betteredge anapoandika kwamba usiku ule alisikia hili na lile, msomaji hasahau kwamba anayesema ni mzee anayeipenda familia ile na asiyeweza kuwaza ubaya juu yake. Jambo hilohilo likionyeshwa kwa picha, upendo wa mzee umekwisha kuondolewa, limebaki tukio tupu. Ushahidi umegeuzwa kuwa ukweli. Na katika filamu ya saa mbili hali ni nzito zaidi, kwa kuwa mashahidi kumi hawawezi kutoshea humo; anayebaki ni kijana, msichana na jiwe.

Si Collins peke yake aliyefikwa na haya. Michezo ya Sherlock Holmes iliyotengenezwa na Granada kati ya 1984 na 1994, ambayo wengi huiona kuwa kilele cha kazi ya namna hiyo, ilimrejeshea Daktari Watson akili aliyokuwa amenyang'anywa na filamu za awali, lakini haikuweza kumrejeshea kalamu. Katika hadithi za Conan Doyle, Watson ndiye anayetufanya tumwone Holmes kuwa wa ajabu. Katika televisheni Watson anabaki kuwa rafiki anayeandamana.

Wasomaji wa riwaya ya Kiswahili wanaujua uhusiano huu kwa njia nyingine. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda shindano la uandishi la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki la mwaka 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Na wahakiki hawakuchelewa kuona kwamba Bwana Msa na kiko chake, pamoja na Najum mwandani wake, ni jamaa wa Holmes na Watson waliohamia Unguja. Lililozungumzwa kidogo ni kwamba Abdulla alifanya uamuzi mkubwa kuliko kuhamisha kiko. Katika kazi yake mzimu ni pazia. Watu wanaogopa, na nyuma ya woga wao pana mkono wa binadamu. Kazi ya Bwana Msa ni kulifunua pazia na kuonyesha mkono. Kwa Unguja ya miaka ile, iliyokuwa na kiu ya elimu, uamuzi huo ulikuwa na maana na ulizaa riwaya nzuri. Collins hakuamua hivyo. Laana ya jiwe haisemwi kuwa kweli, wala haisemwi kuwa uongo. Betteredge, Mwingereza mwenye akili timamu, hupiga fali kwa kufungua Robinson Crusoe na kusoma popote kidole kinapoangukia, na mara zote fali yake hutimia. Collins anatabasamu lakini hamkanushi.

Tofauti hii ndiyo inayoleta haja ya Kikoneni.

Mtayarishaji wa televisheni anayetaka pwani ya Kenya anajua pa kuipata: Lamu kwa milango iliyochongwa, Mji wa Kale wa Mombasa kwa vichochoro, Diani kwa mchanga mweupe. Mfululizo kama Sultana, ulioanza kuonyeshwa na Citizen mwaka 2022, umewazoesha watazamaji wa bara kuisikia lafudhi ya pwani kila jioni, na hilo ni jema. Kikoneni haimo katika picha hizo. Imo ndani, nyuma ya barabara kuu iendayo Lungalunga, katika nchi ya minazi, mikorosho na michungwa, na wakazi wake wengi ni Wadigo, pamoja na Waduruma, Wakamba na wengineo. Bahari iko karibu lakini haionekani. Kwa hiyo inafanana na Yorkshire ya Collins katika jambo lililo muhimu kwa kisa: ni mahali ambapo mpelelezi atokaye mji mkuu huwasili akiwa mgeni, na kila mtu amekwisha kumjua kabla yeye hajamjua mtu.

Na jirani na Kikoneni pana jiwe. Kilima cha Mrima (neno lenyewe ni umbo la kale la mlima, hata anayesema "Mlima Mrima" asema jambo moja mara mbili) kina madini ya niobi na yale yaitwayo madini adimu, ambayo viwanda vya dunia vinayagombania. Kilima hichohicho ni msitu wa hifadhi, tena ni kaya iliyotangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa. Mwaka 2013 kampuni ya Cortec ilipewa leseni ya kuchimba na leseni hiyo ikafutwa mwaka uo huo. Kampuni ikaishtaki Kenya katika baraza la usuluhishi lililo chini ya Benki ya Dunia, na mwaka 2018 baraza likaamua kwamba leseni haikuwa halali, kwa kuwa haikufuata sheria za nchi zinazolinda mahali kama hapo. Mtunzi asiyeona The Moonstone ndani ya habari hii hahitaji kuitafuta mahali pengine. Kuna kito ndani ya mahali patakatifu, kuna wageni wanaojua bei yake, kuna wenyeji wanaojua thamani yake, na kuna rundo la hati ambazo kila moja inasema kipande tu.

Hata hivyo madini hayaibwi kabatini usiku. Mchezo unahitaji kitu cha kushikika, na hapa ndipo mtunzi wa kutoka mbali atakapokosea kwa urahisi. Atachukua kigango. Sanamu hizi za mbao zisimamishwazo kwa ajili ya wazee waliokufa zinajulikana duniani, zina umbo la kupendeza, na wizi wake ni historia ya kweli. Mwaka 1985 viliibwa vigango viwili kutoka boma la mzee mmoja wa Kimijikenda. Mtafiti Monica Udvardy alikuwa amempiga picha mzee huyo akiwa kando yavyo. Baadaye Udvardy na mwenziwe Linda Giles walivitambua vigango hivyo katika makumbusho mawili ya Marekani, na mwaka 2007 vikarudishwa Kenya. Ni kisa cha upelelezi kilicho safi kuliko vingi vilivyobuniwa. Lakini vigango ni mila ya Wagiriama na jamaa zao wa kaskazini. Wadigo wa Kikoneni hawavisimamishi. Kuvipanda chini ya Mrima kwa sababu vinapendeza machoni ni kosa la aina ileile ya yule anayedhani Wamijikenda wote ni kabila moja lenye nyimbo moja.

Kilicho karibu zaidi na jiwe la Collins ni fingo, kinga ya kaya, ambayo kwa mapokeo ya Wamijikenda ilichukuliwa kutoka Singwaya ikafukiwa ndani ya msitu. Na hapa swali la ugeuzaji linageuka kuwa gumu na zuri kwa pamoja. Almasi ya Collins huonekana na wote: hupitishwa mezani, humeremeta, wanawake hushangilia. Fingo haionekani na mtu. Imefukiwa, mahali pake panajulikana kwa wachache, na nguvu yake imo katika kutoonekana kwake. Televisheni, ambayo kazi yake ni kuonyesha, ikiichimbua fingo mbele ya kamera, hata kama ni chungu cha kuigiza kilichonunuliwa sokoni Ukunda, itakuwa imetenda kwa macho ya watazamaji kile ambacho Herncastle alitenda kwa upanga.

Njia pekee iliyobaki ni ile ambayo televisheni ya Kiingereza iliikimbia: kuacha kitu kisionekane, na kuwaacha watu wakisimulie. Mzee asema aliyoyaona, mlinzi wa msitu asema aliyoyaona, mwanamke aliyekwenda kuokota kuni asema aliyosikia. Na mtazamaji awatazame nyuso wakisema, bila ya picha rejeshi ya kumthibitishia. Yaweza kudaiwa kwamba hii si televisheni, ni redio yenye sura. Dai hilo lingekuwa na uzito kama Kenya isingekuwa na kipindi kilichodumu kwa miongo kadhaa kwa mtindo huohuo. Vioja Mahakamani, kilichoanza zama za Sauti ya Kenya na kuendelea chini ya KBC, hakikuwa na kitu ila kizimba, hakimu, mwendesha mashtaka, mshtakiwa na mashahidi. Wizi wa kuku haukuonyeshwa. Watu walieleza kuku alivyotoweka, na taifa zima likakaa mbele ya televisheni kuwasikiliza wakijikanyaga. Hiyo ndiyo mbinu ya Bi Clack, iliyopatikana bila ya mtu yeyote kumsoma Collins.

Lakini Vioja Mahakamani kina onyo pia. Kicheko chake kilitokana kwa sehemu kubwa na Kiswahili chenye lafudhi za makabila. Otoyo au Masanduku arap Simiti hakuhitaji kusema jambo la kuchekesha, ilimtosha kulitamka. Kwa wenye taaluma ya lugha suala hili si dogo. Katika riwaya ya Collins kila shahidi ana lugha yake, na hakuna lugha iliyowekwa ili idharauliwe. Hata Bi Clack anachekwa kwa unafiki wake, siyo kwa matamshi yake. Mashahidi wa Kikoneni wangesema Kiswahili kilichopakana na Kidigo, na mmoja aliyetoka Vanga au Wasini angesema kilichopakana na Kivumba. Mwanasheria wa Mombasa angekuja na chake, na mpelelezi wa Nairobi na chake, kilichojaa maneno ya mtaani au ya ofisini. Mtayarishaji ana vishawishi viwili: kuwasahihisha wote wawe kitabu cha sarufi kinachotembea, au kuwaacha wa kijijini walivyo ili wachekwe. Vyote viwili vinaua ushahidi, kwa kuwa ushahidi ni namna mtu asemavyo. Mzee msimamizi wa nyumba, kwa mfano, hawezi kumwita kijana wa familia kwa jina lake tupu; atamwita "Bwana Mdogo", na katika neno hilo moja mtazamaji wa pwani atasikia miaka arubaini ya utumishi, mapenzi yake na uchungu wake. Neno hilo likisahihishwa, yote hayo yameondoka.

Juu ya upelelezi wenyewe, Kikoneni ina taratibu zake zinazoshindana, na mtunzi angefanya vibaya kuchagua mojawapo mapema. Pana polisi na chifu. Pana ngambi, baraza la wazee. Pana mganga wa mburuga, anayetafuta kwa uaguzi kisichoonekana. Na pana kiraho, kiapo ambacho mwongo anaamini kitamdhuru. Sajini Cuff akishuka hapo kutoka makao makuu ya Idara ya Upelelezi, atakuta kwamba mashahidi wamekwisha kuhojiwa mara tatu kabla yake, na kwamba wapo waliokwisha kuamua nani mwizi. Hapa ndipo kanuni ya Bwana Msa inapokuwa hatari. Endapo mchezo utaifuata kanuni ile, kwamba nyuma ya kila mzimu pana mhalifu, basi wa kwanza kushukiwa watakuwa walinzi wa kaya, na mtazamaji atafundishwa kuwatazama wazee wenye mkwaju na kaniki kwa jicho la tuhuma. Katika kaunti za Kilifi na Kwale wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, mara nyingine na jamaa zao wenyewe waliokuwa na tamaa ya ardhi. Picha inayomtia mzee shakani kwa dakika arubaini kwa ajili ya kumsisimua mtazamaji, kisha ikamsafisha katika dakika tano za mwisho, haijui kwamba huenda mtazamaji mmoja alizima televisheni kabla ya dakika hizo tano. Ukosefu wa uamuzi wa Collins, ambao kwa wahakiki wengine ni udhaifu, katika mazingira haya ni hekima ya mtunzi.

Msaidizi wa daktari, Ezra Jennings, anastahili kutajwa peke yake, kwani ndiye anayefumbua fumbo na ndiye ambaye televisheni ina desturi ya kumharakisha. Ni mtu wa damu mbili aliyezaliwa katika mojawapo ya makoloni, anayefukuzwa kila aendapo na tuhuma isiyotajwa, anayekufa kwa ugonjwa na anayetumia afyuni kwa maumivu. Kwa kuwa yeye mwenyewe anaijua afyuni, anakisia kilichompata Franklin, na kwa kukusanya maneno yaliyokatika ya daktari aliyeweweseka kwa homa, anaiunga habari yote. Mtu wa pembezoni ndiye anayeona. Katika Kwale mtu huyo hahitaji kubuniwa sana. Wamakonde waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa waliishi humo kwa vizazi bila ya vitambulisho, hadi walipotembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwezi wa Oktoba 2016 na kukubaliwa kuwa raia. Kijana wa Kimakonde anayefanya kazi katika zahanati kabla ya mwaka huo, anayejua kila mgonjwa na asiyejulikana katika daftari lolote la serikali, anaweza kuwa shahidi aliye sahihi kuliko wote na asiyeweza kufika mahakamani. Rosanna naye ana mahali pake: matope ya mikoko kwenye mlango wa mto Ramisi yanaweza kuificha nguo kama mchanga wa Yorkshire, na barua yake, ikisomwa kwa sauti ya msichana aliyeishia darasa la saba, ingemtosha mwigizaji mmoja na kamera isiyotikisika.

Linabaki suala ambalo Collins hakulitatua: je, wenye jiwe waseme? Murthwaite anafika India akiwa amejibadilisha sura, anajificha katika umati wa mahujaji, na kutoka huko anawaletea Waingereza habari kwamba almasi imerudi katika paji la mungu wake. Ni ukurasa wenye uzuri, na ni ukurasa wa mtu aliyechungulia. Mtunzi wa Kikoneni asingekuwa na haki ya kuchungulia. Kaya Kinondo huko Diani, iliyoingizwa pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, huwapokea wageni, lakini kwa masharti: mgeni hufungwa kitambaa cheusi kiunoni, huongozwa, na huambiwa wapi asifike. Ushahidi wa mwisho wa mchezo ungeweza kuwa wa mzee mmoja wa kaya, akiwa amekaa ukingoni mwa msitu, akiulizwa kama fingo imerudi mahali pake. Angejibu kwa Kidigo, kwa maneno machache, na tafsiri iliyo chini ya picha ingeyapa yale tu aliyokubali yaandikwe. Ikiwa mzee ataona kwamba jambo hilo halisemwi, kamera ingebaki na uso wake kwa muda wa kutosha hadi mtazamaji afahamu kwamba hilo nalo ni jibu, kisha ingezimwa ikiwa bado iko upande wa nje wa miti.